"Simu Yangu Imekufa": Kutoka Malalamiko Hadi Chanzo Unapomsaidia Ndugu au Rafiki

Ndugu akikuomba msaada wa simu au kompyuta, kwa kawaida hukuletea hukumu badala ya dalili. "Simu imekufa." "Wamenidukua." "Intaneti imekatika." Ukianza kutengeneza kwa kuifuata hukumu hiyo, utapoteza jioni nzima, na pengine utaharibu kilichokuwa kizima. Rudi naye nyuma kwanza mpaka mfikie alichokiona kwa macho yake. Kioo kinaonyesha nini? Kimeandika nini, neno kwa neno? Lilianza lini? Siku hiyo kulikuwa na kitu kipya: laini, chaja, programu aliyowekewa na mjukuu, nenosiri lililobadilishwa?

Swali hilo la mwisho ndilo lenye faida kubwa kuliko yote, na ndilo linalojibiwa kwa shida kuliko yote. "Mimi sijagusa kitu," atasema mama, naye anasema kweli kwa kadiri anavyojua, maana simu hujisasisha yenyewe usiku na vitufe hubonyezeka mkobani. Basi usimuulize "Umefanya nini?" Muulize, "Ilipokuwa nzima mara ya mwisho, ulikuwa unaitumia kufanya nini?" Mtu akiona hashtakiwi hukumbuka mengi.

Mambo mawili uyashike kabla ya dalili yoyote. Simu ibaki mkononi mwake kadiri inavyowezekana. Wewe elekeza, yeye abonyeze. Na usifute wala kurejesha chochote katika hali ya kiwandani mpaka ujue picha zake ziko wapi na akaunti iliyomo ni ipi. Karibu kila kitu kwenye simu hununuliwa upya, isipokuwa picha za waliokwisha kufariki.

Simu haiwaki

Ipigie kwanza. Ikiita au ikitetemeka, simu ni hai. Kilichokufa ni kioo, au mwanga wake umeshushwa hadi chini kabisa. Ikiwa kimya, ichomeke kwenye chaji na uiache nusu saa bila kuigusa, kwa sababu betri iliyokauka kabisa inaweza kukaa dakika kadhaa kabla haijaonyesha alama yoyote. Bado kimya? Badilisha kebo kwanza, kisha kichwa cha chaja, kisha soketi ya ukutani, kimoja kimoja. Ukibadilisha vyote kwa pamoja, simu itawaka na hutajua kibovu kilikuwa kipi. Kesho atakichomeka tena.

Kebo ikiwa haiingii hadi mwisho, au inachaji tu ikishikwa kwa upande fulani, kuna uwezekano mkubwa tundu limejaa vumbi na nyuzi za nguo zilizoshindiliwa. Zima simu, chokonoa taratibu kwa kijiti cha meno cha mbao. Pini ya chuma isikaribie hapo.

Hatua inayofuata ni kuilazimisha ijiwashe upya. Kwenye simu nyingi za Android unashikilia kitufe cha kuwasha pamoja na cha kupunguza sauti kwa sekunde kumi hadi ishirini. Kwenye iPhone 8 na zilizofuata, unabonyeza na kuachia cha kuongeza sauti, unabonyeza na kuachia cha kupunguza, kisha unashikilia cha pembeni mpaka alama ya tofaa itokee.

Ukiona kioo kimeinuka ukingoni au mgongo wa simu umetuna, acha yote. Betri imevimba. Isichajiwe tena, isibonyezwe irudi mahali pake, isitobolewe. Iende kwa fundi ikiwa imezimwa.

Malalamiko ya "chaji inaisha upesi" ni jambo jingine. Betri za lithiamu huchakaa hata zikitunzwa. Apple yenyewe inasema betri za iPhone 14 na za nyuma yake zimeundwa kubaki na asilimia 80 ya uwezo baada ya kuchajiwa kikamilifu mara 500. Lakini kabla hujamwambia shangazi anunue betri, fungua ukurasa wa matumizi ya betri katika mipangilio uone ni programu gani inakula. Muulize pia kama chumbani kwake mtandao unashika vizuri, kwani simu inayotafuta mnara wa mbali hutumia nguvu nyingi hata ikiwa imelala mezani.

Intaneti haipo

Imekosekana kwenye kila kitu au kwenye programu moja tu? Ikiwa WhatsApp inapokea ujumbe huku kivinjari kikigoma, mtandao upo na tatizo ni la kivinjari au la tovuti. Ikiwa yote yamekwama, zima Wi-Fi ujaribu kwa bando. Bando likifanya kazi, kosa liko upande wa ruta, yaani kile kifaa kinachorusha Wi-Fi nyumbani. Bando nalo likigoma, angalia salio la data, uhakikishe swichi ya data haikuzimwa kwa bahati mbaya, kisha washa hali ya ndege kwa sekunde chache na uizime.

Kwa ruta, chukua simu ya pili ndani ya nyumba hiyo hiyo. Zikigoma zote mbili, chomoa ruta kwenye umeme, hesabu nusu dakika, rudisha, na usubiri taa zitulie. Ikigoma moja tu, iambie simu hiyo isahau mtandao, kisha uunganishe upya kwa nenosiri. Kwenye kompyuta, ukikuta anwani yake ya mtandao inaanza na 169.254, maana yake haikupewa anwani na ruta, kwa hiyo usihangaike na tovuti wala kivinjari.

"Sebuleni iko, chumbani haipo" kwa kawaida si ubovu. Ruta nyingi hurusha mawimbi ya aina mbili: ya GHz 5, yenye kasi lakini yanayodhoofika haraka yakipita ukutani, na ya GHz 2.4, ya taratibu lakini yanayofika mbali zaidi. Kwa anayekaa chumba cha mbali, muunganishe kwenye yale ya 2.4.

Kuna dalili moja inayowapotosha hata wazoefu: kila tovuti inasema muunganisho si salama. Tazama tarehe ya simu. Tovuti huthibitisha utambulisho wake kwa vyeti vyenye siku ya kuanza na siku ya kuisha, na simu inayodhani bado ni miaka kadhaa iliyopita itavikataa vyote. Weka tarehe ijipange yenyewe, ujaribu tena. Ikiwa tarehe ni sahihi na simu ni ya zamani sana, angalia toleo la Android. Chini ya 7.1.1, simu haikitambui cheti-mzizi (cheti mama kinachothibitisha vingine) cha Let's Encrypt, shirika linalotoa vyeti hivyo, ambacho tovuti nyingi hukitegemea, na hapo kuzima na kuwasha hakutasaidia kitu. Mwambie ukweli kuwa simu imezeeka.

Simu imejaa, au imekuwa nzito

Nayaweka pamoja kwa sababu mara nyingi ni tatizo moja. Simu iliyobakiza nafasi kidogo sana huganda, hushindwa kupokea ujumbe wenye picha, hushindwa kujisasisha. Mwenye simu huona programu zinafungika zenyewe na kudhani ni virusi.

Fungua sehemu ya nafasi ya kuhifadhi katika mipangilio na msome pamoja. Kwa watu wazima wengi mzigo ni video na salamu za asubuhi kutoka kwenye makundi ya WhatsApp. Ndani ya WhatsApp, kwenye mipangilio ya hifadhi na data, kuna mahali pa kudhibiti hifadhi panapokuonyesha faili zinazozidi MB 5 na zile zilizosambazwa mara nyingi. Anzia hapo, ni nadra video iliyosambazwa mara nyingi kuwa kitu anachokipenda. Lakini achague yeye. Klipu ya dua unayoiona takataka huenda alitumiwa na dada yake siku aliyokuwa hospitalini. Kisha zima upakuaji wa video wa moja kwa moja, la sivyo baada ya mwezi atakupigia tena.

Sasa mtego. Ikiwa anatumia Google Photos na nakala zinahifadhiwa mtandaoni, kufuta picha ndani ya programu hiyo huifuta kote kote, kwenye simu na mtandaoni. Kuna kitufe tofauti cha kutoa nafasi, ambacho huondoa kwenye simu zile tu zilizokwisha kuhifadhiwa mtandaoni. Watu huvichanganya viwili hivi, wanafuta picha za miaka mingi wakidhani wanapunguza mzigo wa simu. Likishatokea, kimbilia pipa la taka la programu hiyo bila kuchelewa: picha iliyokuwa na nakala mtandaoni hukaa humo siku 60, isiyokuwa na nakala siku 30. Kwenye iPhone, zilizofutwa karibuni hukaa siku 30, na muda wote huo bado zinachukua nafasi. Ndiyo maana mtu hufuta picha mia kadhaa na simu ikaendelea kusema imejaa.

Hifadhi ya mtandaoni nayo hujaa. Akaunti ya Google hutoa GB 15 bila malipo, zinazogawanywa baina ya barua pepe, faili na picha, na tangu tarehe 1 Juni 2021 picha zote mpya huhesabiwa. Zikiisha, barua pepe haziingii tena. Mjomba akilalamika kwamba barua ya kazi haimfikii ilhali nenosiri ni sahihi na mtandao upo, tazama huko. Kwenye iCloud kiwango cha bure ni GB 5 tu.

Programu za "kusafisha simu" na "kuongeza kasi" usimwekee, na ukizikuta zitoe. Nyingi hukaa zikifanya kazi chinichini na kuleta matangazo, na hakuna zinachosafisha ambacho mipangilio ya simu haiwezi kukisafisha.

Matangazo yanajitokeza yenyewe

Yanatokea wapi? Yakija kama arifa juu ya kioo, yenye maneno kama "simu yako ina virusi 13", chanzo karibu kila mara ni tovuti aliyoiruhusu itume arifa kwa kubonyeza kitufe cha kwanza alichokiona. Fungua kivinjari, nenda kwenye ruhusa za arifa, uondoe tovuti zote usizozijua. Hakuna virusi vilivyoondolewa hapo, kwa sababu havikuwapo.

Yakifunika kioo chote hata akiwa hafanyi chochote, kuna programu iliyopewa ruhusa ya kujionyesha juu ya nyingine. Tafuta ruhusa hiyo kwenye mipangilio usome majina yaliyoorodheshwa: mara nyingi ni tochi, kisoma misimbo, au mchezo wa mtoto aliyeazimwa simu. Nyingine huficha alama yake isionekane, kwa hiyo pitia orodha kamili ya programu zilizosakinishwa. Kama matangazo hayakupi nafasi ya kufanya hayo, washa simu katika hali salama, ambamo programu zilizoongezwa hazifanyi kazi, kisha uiondoe ukiwa humo.

Nimesahau namba ya siri

Namba ipi? Hapa kukosea kunagharimu, na kunagharimu upesi.

Ikiwa ni ya laini, majaribio ni matatu. Yakiisha, simu huomba namba ya PUK, na hiyo nayo ikikosewa mara kumi laini hufa moja kwa moja. Asibahatishe. PUK huwa imechapwa kwenye kadi iliyokuja na laini, au hutolewa na kampuni ya simu mwenye laini akijitambulisha.

Ikiwa ni ya kufungua kioo, fundi wa haraka atakuambia "tunaifuta, inaanza upya". Simama hapo. Tangu Android 5.1, simu nyingi zilizofutwa kwa njia hiyo huomba akaunti ya Google iliyokuwamo kabla haijakubali kutumika. iPhone ina kufuli ya namna hiyo kwa akaunti ya Apple tangu mwaka 2013. Mtu aliyesahau namba ya kioo na hajui akaunti yake ni ipi ataishia na simu safi isiyofunguka, na picha zimekwenda.

Hili la akaunti ndilo chimbuko la nusu ya maumivu yote ninayoyaona kwa wazee. Siku simu iliponunuliwa, mtu mwenye haraka, muuzaji au kijana wa nyumbani, alifungua anwani ya barua pepe ya kubuni, akaweka nenosiri lake mwenyewe, akaondoka. Mwenye simu hajui hata kama anayo barua pepe. Kila kitu huenda sawa mpaka simu ipotee. Kwa hiyo ukiwa umeenda kumsaidia jambo lolote lile, na simu iko wazi, fungua mipangilio uone akaunti iliyomo. Hakikisha namba ya kurejeshea akaunti ni ya laini anayoitumia sasa. Badilisheni nenosiri liwe lake, na aliandike kwenye daftari linalokaa nyumbani. Wataalamu wengine watakunja uso kusikia daftari. Mimi naliunga mkono kabisa: mwizi wa mtandaoni hafiki kwenye kabati la bibi, na bibi mwenye daftari halazimiki kutumia nenosiri moja kila mahali.

Watu wanasema nawaomba pesa

Hapa kuna aibu na hofu, na mtu mwenye aibu huficha nusu ya habari. Mtulize kwanza. Mwambie matapeli hawa huishi kwa kazi hii na huwanasa hata wasomi. Kisha uliza swali moja: ujumbe huo umetoka namba gani? Mwombe aliyeupokea atume picha ya kioo chake.

Ikiwa ni namba ngeni yenye jina na picha ya ndugu yako, akaunti yake haijaguswa. Mtu amenakili picha tu. Watangazie jamaa, muiripoti na kuizuia namba hiyo.

Ikiwa ni namba yake na WhatsApp kwenye simu yake imemtoa nje, yaelekea alimpa mtu namba sita zilizokuja kwa ujumbe mfupi. Isajili WhatsApp upya kwa namba hiyo hiyo, apokee namba sita mpya, aziingize. Kitendo hicho humtoa mwizi. Huenda ikadai namba nyingine ya siri ambayo hajawahi kuiweka. Mwizi ndiye aliyeiweka, na itabidi kusubiri siku saba kabla ya kuingia, lakini mwizi naye yuko nje. Tumieni muda huo kuwapigia jamaa kwa sauti, mmoja mmoja, kuanzia wale wanaoweza kutuma pesa bila kuuliza.

Ikiwa ni namba yake na bado yumo ndani kama kawaida, fungua orodha ya vifaa vilivyounganishwa. Kompyuta isiyojulikana ikiwamo humo, iondoe. Katika hali zote hizi malizeni kwa kuwasha uthibitishaji wa hatua mbili, na namba yake iingie kwenye lile daftari.

Kibaya zaidi ni pale alipopigiwa na mtu wa "benki" au "kampuni ya kompyuta" akaelekezwa kusakinisha AnyDesk au TeamViewer. Programu hizi ni halali na mafundi huzitumia kila siku, lakini zinampa aliye mbali uwezo wa kuona kioo na kukiendesha. Kata intaneti papo hapo. Apigie benki yake na huduma yake ya pesa kwa simu nyingine, kwa namba iliyo nyuma ya kadi au kwenye karatasi za benki, kamwe si ile iliyompigia. Kisha iondoe programu, mbadilishe manenosiri mkiwa kwenye kifaa kingine. Kama pesa zimekwisha kutoka, dakika zina thamani. Maswali ya "kwa nini ulikubali" hayana haraka, na mengine hayana haja ya kuulizwa kabisa.

Sauti

Hili ni fupi. Simu isiyoita: angalia hali ya usinisumbue na sauti ya mlio, ambayo ni tofauti na sauti ya muziki. Simu inayoita ila humsikii mtu: zima Bluetooth, sauti huenda inakwenda kwenye spika ya chumba cha pili. Wao hawamsikii yeye: vua kava, kwani baadhi huziba tundu la maikrofoni, kisha ajirekodi na mwisikilize. Rekodi ikisikika vizuri, maikrofoni ni nzima na lawama ni ya mtandao.

Kompyuta nzito, printa inayogoma

Kwenye Windows bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja uone nini kimefika asilimia 100. Kikiwa ni diski, na kompyuta ina diski ya zamani inayozunguka, kuibadilisha kwa SSD, diski ya kisasa isiyozunguka na yenye kasi zaidi, kutaleta nafuu kuliko kusafisha kokote. Kama inatumia Windows 10, ajue pia kwamba Microsoft ilimaliza muda wa kuihudumia kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025.

Printa ikigoma baada ya kimya kirefu, muulize kama ruta ilibadilishwa. Printa bado inautafuta mtandao wa zamani. Kama haikubadilishwa, futa foleni ya kazi zilizokwama, zima kompyuta na printa, kisha uviwashe ukianza na printa.

Limerudi tena

Tatizo likirudi kwa namna ile ile, keti kando yake umtazame akitumia, bila kusema neno. Utaona kidole kinachobonyeza alama ya jirani kwa sababu maandishi ni madogo mno. Utaona anafunga kila onyo bila kulisoma, maana liko kwa lugha asiyoielewa. Kuza maandishi, badilisha lugha ya simu kama ipo anayoipenda zaidi, ondoa kwenye kioo cha mwanzo alama asizozitumia. Nimeona "simu mbovu" zikipona kwa hayo peke yake.

Ukiwa mbali, mwombe asome kilichoandikwa badala ya kukieleza, au mpige simu ya video WhatsApp na akuonyeshe kioo chake humo. Tangu mwaka 2023 inawezekana. Amalize kukuonyesha kabla ya kufungua ukurasa wa benki au kuingiza namba yoyote ya siri.

Na kuna kazi ambazo si zako. Simu iliyoanguka majini izimwe, isichajiwe, iende kwa fundi siku hiyo hiyo. Diski inayotoa mlio wa kugonga, ikiwa ndiyo pekee yenye picha za familia, izime sasa hivi na usijaribu kuiwasha "mara ya mwisho tu", kwa sababu kila mzunguko unaweza kukwaruza kilichobaki. Andika kwenye karatasi dalili ulizoziona na hatua zote mlizojaribu, kwa mpangilio wake, umkabidhi fundi pamoja na kifaa.